Siwema na Geti Lisilofika

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na tatu. Hapana, nisianze na uongo. Ishirini na tatu ndipo mvua zile kubwa zilipoanza, nami nilikuwa nimekwama Munisagara kwa mpwa wangu, nakula muhogo asubuhi na jioni mpaka nikaota nimeota mizizi. Hili la geti lilikuwa ishirini na nne, tena mwishoni, maana treni ya umeme ilikuwa imeshaanza kupita Kilosa. Nakumbuka vizuri kwa sababu niligeuka kuitazama, na kule kugeuka ndiko kulikoleta mambo yote haya. Lakini tuanze na Siwema, maana habari ni yake.

Siwema ni binti wa Tindiga. Baba yake alikwenda Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu msimu mmoja, akanogewa, mpaka leo yuko kwenye msimu huo huo. Siwema alikuwa kidato cha pili alipopata ujauzito, na aliyempa ujauzito alihamia Ifakara kwa kasi ambayo hata bodaboda wa Kilosa hawaiwezi. Alipojifungua, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani, akasema siku hizi ruhusa ipo, msichana anarudi darasani. Mwalimu alisema vizuri. Lakini shule iko mbali, mtoto ananyonya, na Mama Siwema alikuwa analima mpunga kwenye shamba la watu kwa kugawana mavuno. Basi Siwema akabaki. Kazi yake ikawa kuamia ndege: anakaa juu ya kichanja katikati ya mpunga na kombeo mkononi, mtoto mgongoni, anarusha mawe kutoka alfajiri mpaka jua linazama. Misimu mitatu hiyo.

Mimi kazi yangu ni kunoa. Nina jiwe langu, natembea nalo Kilosa, Tindiga, Munisagara, Mikumi, nanoa visu, mapanga na mikasi ya mafundi cherehani. Shule niliishia darasa la nne. Kwa kuwa napita kila mahali, watu hunituma. Nimebeba barua, nimebeba dawa, nimebeba posa mbili, moja ikakubaliwa. Na nimebeba kamba za vipimo zisizohesabika. Kwetu huku mtu akitaka kitanda au mlango kwa fundi aliye mbali, hapigi hesabu. Anakata kamba sawasawa na upana wa kitu chenyewe, anafunga fundo ncha hii na fundo ncha ile, ili fundi akiona mafundo mawili ajue kamba imefika nzima. Halafu anampa yeyote anayekwenda upande huo. Anayekwenda, mara nyingi, ni mimi.

Sasa siku moja nilikuwa nanoa panga la Mama Siwema, nikamwambia bintiye, "Siwema, kule Mikumi kuna mwalimu anafundisha wasichana ufundi. Bure, ila uende na godoro lako."

"Ufundi gani, babu?"

"Cherehani, mapishi, na wengine wanachomelea vyuma."

"Nani anachomelea vyuma?"

"Wasichana. Nimewaona kwa macho haya. Nimewanolea visu vya jikoni."

Mama Siwema alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Mwaka mmoja," alisema. "Mtoto wako nakulelea mwaka mmoja tu. Ukizidi hata mwezi, nakuletea huko huko Mikumi na nguo zake. Mgongo wangu huu haukusomea ualimu wa chekechea."

Alisema kama anatania, lakini mimi niliuona ule mgongo ukinyanyuka kwenye ungo. Hakuwa anatania.

Nikampeleka mwenyewe. Kituo kiko nyuma ya maegesho ya malori pale Mikumi, banda la mabati na nyumba mbili. Mwenye kituo anaitwa Mwalimu Magreti, mama mrefu, anavaa suruali ya jinzi halafu anaifunga kitenge juu yake, sijui anaificha nini. Akamtazama Siwema, akatazama daftari.

"Cherehani zimejaa. Nafasi iko mapishi."

Siwema akaingia mapishi. Siku ya tatu wali ukaungua, tena wali wa wageni waliotoka wilayani. Ya nne yakaungua maharage. Ya tano Mwalimu Magreti akamwita.

"Siwema, wewe nyumbani unapikaje?"

"Nyumbani pia naunguza, mwalimu. Nipeleke kwa wale wanaounguza kwa kazi."

Ndivyo alivyoingia kwenye kuchomelea. Hakuna ndoto hapo wala wito. Ulikuwa wali tu.

Niliporudi miezi miwili baadaye kunoa visu, nilimkuta mtu amevaa ovaroli na kinyago cheusi usoni, cheche zinaruka kama mtu anapiga pasi jua. Akanyanyua mkono. "Shikamoo, babu!"

"Marahaba, baba," nikajibu. "Hujambo, baba? Kazi inaendaje, baba?"

Akavua kinyago. Siwema huyo, jasho linamtiririka, anacheka mpaka anashika meza. "Babu jamani, mimi tena ndiye baba?" Wasichana wenzake waliniita Babu Marahaba-Baba kuanzia siku hiyo, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo hii mbele ya watu wazima wenzangu.

Mwalimu Magreti alinivuta pembeni. "Huyu binti, mzee, akishika kijiti cha kuchomelea mkono hautetemeki hata kidogo. Alikuwa anafanya nini kijijini?"

"Alikuwa anawapiga ndege mawe."

"Basi niletee wapiga ndege wengine."

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Pale kituoni mtihani wa mwisho hauishii kwenye karatasi. Kila msichana lazima atengeneze kitu kimoja kwa mteja wa kweli, si dada yake wala rafiki, na mteja akipokee na kukifunga mahali pake, kisha atie sahihi kwenye fomu mbele ya mwalimu. Fomu zikishakusanywa hazingoji mtu. Ambaye fomu yake haina sahihi, cheti hana, anarudia mwaka. Na Siwema mwaka wa pili hakuwa nao. Mama yake alikuwa amekwisha kusema.

Mteja akapatikana kwa njia ya mboga. Jirani yao Tindiga ni Jovin, Msukuma, alikuja na ng'ombe wake miaka ya nyuma akalima na kukaa. Sisi ni Wasagara, na watu wa huku na Wasukuma tunataniana, tena utani wenyewe hauna adabu. Ng'ombe wa Jovin walikuwa wametoka zizini mara tatu mwezi mmoja na kula mchicha wa Mama Siwema. Kila mara Jovin alileta maziwa ya kuomba radhi. Mara ya tatu mama yule akayarudisha na kibuyu chake.

"Jovin, maziwa yako yamenitosha. Haya ni mchicha wangu mwenyewe, umeyapitisha tu kwenye ng'ombe. Weka geti!"

"Geti la miti wanalivunja, mtani."

"Basi weka la chuma. Binti yangu anatengeneza."

Jovin akacheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaacha kucheka, akalitazama zizi, akautazama mchicha, akakubali. Alikuwepo Fundi Godfrey, seremala wa kijiji, ambaye mageti yote ya miti pale Tindiga ni yake, pamoja na yale yaliyovunjika. Akasema, "Sawa. Mwanamke na futi, tutaona." Akaenda zake.

Jovin alichukua kamba ya manila ya bluu, akainyoosha kutoka nguzo moja ya zizi hadi ya pili, akakata, akafunga fundo huku na fundo huku. Akanipa. "Mzee Abubakari, upana ndio huu. Kwenda juu mwambie lifike hapa," akajigusa kifuani.

Mama Siwema naye akaniletea kuku jike mweupe, zawadi ya kumshukuru Mwalimu Magreti. Alimfunga miguu kwa ganda la mgomba. Nikaondoka na jiwe langu, kamba mfukoni, kuku kwapani.

Nilifika Kilosa mchana, nikasimama kungoja gari la Mikumi. Hapo ndipo nikaisikia treni. Nasema nikaisikia, lakini ile haina kelele kama treni yetu ya zamani, inapita kama mtu anayeburuta kanga. Nikageuka. Na ganda la mgomba, kwa kuwa lilikuwa limekauka na jua, likakatika muda huo huo.

Kuku alitoka kwapani kwangu kama ana tiketi. Akapita chini ya bodaboda, akapita juu ya nyanya za mama mmoja, bodaboda wanne wakaacha pikipiki zao wakamfukuza. Mmoja anapiga kelele, "Mzibe kulia! Mzibe kulia!" Mwingine anasema, "Kulia kwake au kulia kwangu?" Mwishowe alikamatwa ndani ya duka la dawa, amekaa juu ya kaunta, ametulia kabisa kama anangoja zamu yake.

Sasa nimfunge na nini? Gari la Mikumi limeshawasha. Ganda la mgomba hakuna. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukakuta kamba. Ilikuwa ndefu, jamani. Nilipoitazama niliona ni kamba nyingi mno kwa geti moja. Nikatoa kisu, nikakata kipande kama dhiraa moja hivi kutoka ncha moja, nikamfunga kuku miguu, nikapanda gari. Nilijiambia kitu ambacho nakumbuka neno kwa neno: chuma hakiwezi kujua.

Mikumi nilimkabidhi Mwalimu Magreti kuku, akafurahi, akamfunga mguu mmoja kwenye nguzo ya jikoni kwa kamba ile ile, kama afanyavyo kila mtu kwa kuku mgeni, azoee mahali asije akarudi kwao. Siwema nikampa kamba ndefu. Akaivuta, akaipitisha mkononi mpaka mwisho, akainyoosha juu ya meza akaipima kwa futi, akaandika.

"Na kwenda juu?"

"Lifike hapa," nikajigusa kifuani.

"Kifua cha nani, babu? Chako au cha Jovin?"

"Cha Jovin."

"Jovin ni mrefu. Simama." Akanisimamisha ukutani, akaniuliza Jovin ananizidi kichwa au nusu kichwa, akafikiri, akaandika tena. Nilimsifu moyoni kwa umakini wake. Haikunijia kwamba mtu anayeuliza kifua ni cha nani anaweza pia kuona kamba ina fundo moja.

Geti likatoka zuri. Bomba za mraba, nondo zimesimama safi, mshono wa kuchomelea umelala kama msuko wa nywele. Jumatano likapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikapanda nyuma nalishikilia, nalipungia mkono kila tuliyepishana naye. Siwema alibaki kituoni kwa sababu wanafunzi hawatoki bila mwalimu, na mwalimu alikuwa na mitihani ya karatasi mpaka Ijumaa. Ilikuwa tulifunge tu, bawaba zilishawekwa, halafu Jumamosi mwalimu aje na fomu. Fomu zinakusanywa Jumatatu.

Tindiga nzima ilikuja. Jovin na wanawe wakalinyanyua geti, wakalitundika kwenye nguzo. Jovin akalisukuma lifunge. Likaenda vizuri, likaenda, likaenda, likasimama. Nguzo ya pili ilikuwa bado iko mbali, inalitazama.

Kisha ndama mmoja mwenye doa kwenye paji akatoka zizini, akaja taratibu, akapita kwenye ile nafasi na mkia wake wote, akashika njia ya kwenye mchicha wa Mama Siwema.

"Jovin," alisema Fundi Godfrey, sauti yake imejaa huruma ya uongo, "uliagiza geti au dirisha?"

"Wasagara mmenifanyia," alisema Jovin. Kwanza alicheka, halafu alipomwona ndama anatafuna akaacha. "Mimi hili siwezi kulitilia sahihi. Nikitia sahihi nitakuwa nimesema uongo kwenye karatasi ya shule."

"Si nilisema?" Godfrey akawageukia watu. "Mwanamke umpe kijiko. Futi ina tarakimu nyingi, zinamchanganya."

Mama Siwema alikuwa amembeba mjukuu wake, anamswaga ndama kwa mkono mmoja. Alitoa simu, akampigia bintiye, akasema, "Siwema, geti halifiki," na simu ikaisha chaji hapo hapo, na umeme siku ile haukuwepo. Akaketi kwenye ukingo wa jaruba. "Basi," alisema polepole, hasemi na mtu. "Nilijua mgongo hautapumzika."

Mimi ningesema wakati ule. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Rangi lakini wamepaka vizuri."

Alhamisi nikaenda kwa Jovin nimwambie. Alinipa maziwa ya mgando. Mtu akikupa maziwa huwezi kumwambia ulikata kamba yake huku unayanywa, nikangoja niyamalize. Nilipoyamaliza akaniongezea. Niliondoka tumbo limejaa na siri bado iko chini ya maziwa. Ijumaa nilimwendea Mama Siwema, nikamkuta anashona begi la nguo za mtoto. Nikamuuliza la nini. "La kumpelekea mama yake Mikumi," alisema. "Mimi nikisema kitu nimesema." Nikamnolea mkasi wake, nikaondoka. Ulikuwa mkali tayari.

Jumamosi asubuhi kirikuu kikaja. Mbele ameketi Mwalimu Magreti na fomu kwenye bahasha. Nyuma ameketi Siwema kwenye ovaroli, kinyago kichwani, jenereta mbele yake, mashine ya kuchomelea ubavuni, na gunia refu miguuni. Mtoto wake alipomwona alikimbilia kirikuu, akaona kinyago, akarudi mbio kwa bibi yake.

"Shikamooni," alisema Siwema. "Liko wapi?"

Tukaenda wote zizini. Godfrey alikuwa amefika mapema, amekuja na kigoda.

Mwalimu Magreti alilitazama geti, akautazama ule mwanya, uso ukamvimba. "Siwema, wewe ulipima nini?"

"Nilipima kamba niliyoletewa, mwalimu." Akaitoa mfukoni, ya bluu, imekunjwa vizuri.

Jovin akaichukua. Akaishika ncha moja, fundo hilo. Akaipitisha mkononi mpaka ncha ya pili. Akaitazama. Akaigeuza kama mtu anayetafuta kichwa cha mnyoo.

"Hii kamba yangu ilikuwa na mafundo mawili," alisema. "Fundo langu la pili liko wapi? Nilimpa nani kamba?"

Walinitazama tu, kijiji kizima, na ng'ombe pia.

"Kulikuwa na kuku," nikasema.

"Kuku gani?" aliuliza Jovin.

"Mweupe. Na kulikuwa na treni." Nikaona ninaharibu, nikaanza upya. Nikasema yote: ganda la mgomba, duka la dawa, kisu, gari limewashwa. Nikasema, "Binti hana kosa. Alipima sawa. Mimi ndiye nilimfunga kuku kwa geti la Jovin."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Siwema, nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia. Alicheka akiwa amejishika kiuno. Kisha wote. Godfrey peke yake hakucheka, alikuwa ananyanyua kigoda chake aondoke.

"Wewe kaa hapo hapo," Mama Siwema alimwambia. "Futi ina tarakimu nyingi, si ndiyo? Kaa usome."

Jovin alinyanyua mkono watu wanyamaze. "Mtani amekula kipande cha geti langu. Kwetu mtani akiharibu hashtakiwi, analipa kwa mwili. Mzee Abubakari, nenda kasimame pale penye mwanya. Geti litafika kwako. Utakuwa geti mpaka binti amalize."

Nikaenda nikasimama. Ningefanya nini? Mwanya ulinitosha kabisa, kana kwamba ulikatwa kwa ajili yangu. Yule ndama mwenye doa akaja akanipiga kichwa tumboni, akaona sipiti, akaanza kunilamba mkono wa shati. Alilamba mpaka kifungo kikatoka.

Siwema akawasha jenereta. Akafungua gunia, akatoa vipande vya bomba, akalilaza geti chini na kuwaambia watu, "Msitazame moto, mtaumwa macho." Kumwambia mtu wa Tindiga asitazame ni kumwita atazame. Ikabidi Mwalimu Magreti apite anawageuza watu mabega mmoja mmoja kama anapanga viti. Kisha Siwema akashusha kinyago, cheche zikaruka.

Kwa miezi yote watu wa Tindiga walikuwa wakisema kwamba kule Mikumi mwalimu ndiye anayefanya kazi, wasichana wanashikilia tu. Sasa mwalimu alikuwa anageuza watu mabega, na geti lilikuwa linaongezeka. Mama Siwema alikuwa amegeuzwa kama wengine, lakini alijifunika kanga usoni akachungulia kwenye kitambaa. Kila cheche zilipolia alisema kitu kidogo, nikadhani anaomba dua. Nilipotega sikio nikasikia anasema, "Huyo ni wangu. Huyo ni wangu."

Alipomaliza, akagonga mshono kwa nyundo, akasugua, akalisimamisha na wanawe Jovin. "Babu, toka sasa. Umestaafu."

Nikatoka. Jovin akasukuma. Geti likaenda, likaenda, likagusa nguzo, likasema ngo. Halikubakiza nafasi ya kupitisha hata kidole. Ndama alikuja, akalitazama, akalalamika.

Jovin aliomba kalamu. Aliandika jina lake polepole sana, herufi moja moja, kama anayepanda mpunga kwa mstari, na baada ya jina akaongeza bila kuulizwa: Geti limefika. Mwalimu Magreti akaikunja fomu akaitia kifuani, si kwenye bahasha. Mama Siwema alikwenda nyumbani, akarudi na lile begi la nguo za mtoto, akalimwaga mbele ya bintiye.

"Nilikuwa nimeshafungasha," alisema. "Mshukuru kuku."

Cheti kilitoka. Siku hizi Siwema ana banda lake Kilosa, karibu na soko, na mtoto anaishi naye. Anachomelea mageti, vitanda, na viti vya bodaboda wale wale walionikamatia kuku. Mgongo wa bibi umepumzika, ingawa sasa unalalamika kwamba nyumba ni kimya. Fundi Godfrey alikaa msimu mmoja hasemi, halafu akampeleka binti yake Joyce kwa Mwalimu Magreti, usiku usiku ili watu wasijue, na asubuhi mimi nilikuwa pale nanoa visu. Nikamwambia, "Umeleta mwanamke na futi?" Akasema, "Mzee, una kamba yoyote ya kupeleka popote?"

Lakini lipo jambo moja linalonikaa rohoni, hasa nikiwa njiani peke yangu.

Siku ile ya Jumamosi, Siwema hakupima mwanya. Nilikuwa nimesimama ndani yake, ningemwona. Vile vipande alivyotoa kwenye gunia vilikuwa vimeshakatwa tangu Mikumi, vyote vina urefu mmoja, vimepakwa hata rangi. Na vilitosha. Mama yake alimwambia kwenye simu kwamba geti halifiki, hakumwambia halifiki kwa kiasi gani, simu ilizima. Nilimuuliza Siwema wiki ile ile.

"Urefu uliujuaje?"

"Kipande chenye fundo kilikuwa kwenye mguu wa kuku, babu. Nilikiweka juu ya futi."

Hapo nikaelewa, nikafurahi, nikatembea siku tatu nzima nimefurahi. Ya nne, nikiwa nakaribia Munisagara, nikasimama katikati ya njia. Kuku yule alifungwa pale jikoni siku ile ile niliyofika, kabla chuma hakijakatwa hata kidogo, na Siwema ndiye aliyekuwa akimpa pumba kila asubuhi. Angeviunganisha vile vipande viwili vya kamba mapema, geti lingetoka Mikumi likiwa sawasawa, Tindiga wangelipokea, wangesema mwalimu ametengeneza vizuri, na mpaka leo hakuna ambaye angemwona akishusha kinyago. Lakini ndani ya siku zile tatu angeweza kupoteza cheti, na mtoto, na kila kitu. Mtu anaweza kuwa na roho ya namna hiyo?

Nilimuuliza Mwalimu Magreti, akaenda kutazama chungu chake jikoni. Nilimuuliza Siwema mwenyewe pale bandani kwake, akashusha kinyago akawasha mashine. Kuku naye nimemtembelea, sasa ni mama wa vifaranga, alinitazama kwa jicho moja akaondoka. Basi nauliza na hapa, kama kuna anayejua: ile kamba ya mguuni, Siwema aliifungua kabla ya kukata chuma, au baada?